Fundi Lupakisyo, Aliyezilisha Betri Hewa

Tarehe 30 Septemba 1960, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Lupakisyo Mwakatundu atafunga mlango wa chumba cha betri na kukabidhi ufunguo. Hapo utumishi wake katika Shamba la Mkonge la Msolwezi, Kimamba, utakuwa umetimia miaka thelathini na mmoja na miezi saba kasoro siku nne. Siku hizo nne sikuziacha kwa sababu namjua mwenyewe. Ukimwambia betri ina "kama volti moja hivi", atakuuliza hiyo "hivi" ni kiasi gani, na hutatoka mlangoni mpaka umjibu.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Wenceslaus, karani wa simu, niandike wasifu wake, kwa kuwa tumekaa mlango kwa mlango tangu mwaka 1942. Kamati ilitaka ukurasa mmoja. Nimeijibu kwamba ukurasa mmoja unamtosha mtu aliyekuja juzi. Mtu aliyeifanya hewa hii tunayoivuta bure ibebe maneno kutoka Msolwezi hadi Mikumi anahitaji nafasi zaidi, na kamati ikaona nimekuwa mkali, ikaniachia.

Kuna jambo moja nataka lijulikane mapema. Katika jalada la Mzee Mwakatundu kuna barua ya onyo ya mwaka 1944 yenye neno "uzembe". Ni barua hiyo iliyomzuia kuitwa Fundi Mkuu miaka yote hii, ingawa kazi ya Fundi Mkuu yeye ndiye aliyekuwa akiifanya. Sasa shule moja ya misheni huko kwao Rungwe imemwomba akafundishe ufundi wa betri na umeme, kazi ambayo angeifanya hata kwa kulipwa ndizi, lakini wanataka cheti cha utumishi kisicho na doa. Neno hilo moja lilitosha kumfungia mlango. Nitalifikia, na naomba mtu asiruke kurasa kulitafuta.

Aliingia kazini tarehe 4 Machi 1929 akiwa manamba, yaani mtu wa mkataba, kijana mwenye blanketi moja na viatu alivyovibeba mkononi visije vikachakaa njiani. Alikata mkonge miaka mitano. Wazee wachache waliobaki kati ya wale waliokata naye wanasema alikuwa akimaliza kazi ya siku kabla ya saa tano asubuhi, mafungu yake yamenyooka kando ya reli ya troli, kisha anakaa kivulini akitengeneza saa mbovu ya mtu. Yeye mwenyewe hakuwa na saa.

Chumba cha betri alikipata kwa swali. Siku moja ya mwaka 1934 alikuwa ofisini akisubiri kipande chake, kadi ya siku za kazi, kitiwe sahihi, akamsikia Meneja akizungumza na Mikumi, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Akauliza sauti ya Meneja inabebwa na nini. Sisi wengine tumeitumia simu hiyo miaka na miaka wala hatujawahi kuuliza! Meneja wa wakati ule alimwonyesha kabati la betri ili anyamaze, na huo ndio ukawa mwisho wa kunyamaza kwake. Baada ya mwezi mmoja alihamishiwa humo.

Kwa faida ya vijana walioajiriwa juzi, nieleze simu yetu ilivyo. Ukizungusha mkono wake, kengele inalia upande wa pili, na kazi hiyo haihitaji betri. Lakini ukisema, maneno yako yanabebwa na betri zilizo upande wako. Za Mikumi hubeba maneno ya Mikumi, na zetu hubeba maneno yetu. Betri za upande wako zikichoka, utaita na kengele italia, utamsikia mwenzako vizuri kabisa, ila yeye hatakusikia hata ukipasua koo. Shikeni hapo, kwa maana kila kitu kitakachofuata kinategemea hapo.

Laini ya Mikumi ndiyo iliyokuwa roho ya shamba. Kule ndiko iliko kambi ya kuni zinazowasha bwela za mvuke za korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, na korona ikikosa kuni, majani ya mkonge yanakaukia kwenye troli na hakuna singa, yaani nyuzi. Laini hiyo ilikuwa na adui mmoja mkubwa, naye ni twiga. Twiga wa Mikumi hupita chini ya waya kichwa kikiwa juu, huondoka na waya shingoni, na huendelea na safari zao bila habari. Mzee Mwakatundu aliwahi kuandika katika ripoti ya mwezi kwamba waya ulikatika "kwa sababu ya twiga mmoja, mwenye haraka." Ripoti hiyo bado tunayo.

Vita ilipopamba moto, meli zilizoleta betri kutoka Ulaya zikawa haziji. Kufikia mwisho wa mwaka 1943 betri zetu zilikuwa zimechoka kiasi kwamba mtu wa Mikumi alisikia neno moja katika manne. Meneja akatangaza: betri zikifa, laini itafungwa mpaka vita iishe, kuni zitaagizwa kwa mtu wa baiskeli, na fundi wa betri atarudi shambani na kisu chake. Mwakatundu alikuwa na mke, Mama Lea, na mtoto wao wa kwanza, Ulimboka. Nyumba ya fundi waliyokaa ingechukuliwa, wangerudi kwenye mabanda ya manamba.

Hapo ndipo mtu huyu alipoanza kazi ambayo hata leo sichoki kuisimulia. Betri za wakati ule zilikuwa na fimbo ya zinki upande mmoja na upande mwingine chungu chenye makaa na unga mweusi, vyote vimo katika maji ya nishadiri, ile chumvi wanayoitumia mafundi wa kulehemu. Vitabu vilisema unga mweusi ukiisha nguvu, betri imekufa. Lakini Mwakatundu aligundua kwamba betri iliyochoka ikipumzishwa inapata nafuu, na kwamba zile zilizopasuka lami ya juu zinapata nafuu upesi kuliko nzima. Upesi kuliko nzima! Mimi ningezitupa zilizopasuka. Yeye alichukua msumari akazipasua zilizobaki, na laini ikasema kwa wiki mbili zaidi. Akaja dirishani kwangu, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona jambo: "Bwana karani, hizi zinakula hewa."

Basi kama zinakula hewa, akasema, tuzitengenezee kinywa. Akaanza kutafuta makaa. Alijaribu mgunga, mkambala, mninga, hata kisiki cha mkonge, kila moja katika gudulia lake, na kila asubuhi alisoma mita na kuandika. Jikoni kwa Mama Lea makaa yalikuwa yakipungua bila chakula kuiva. Mama Lea, ambaye si mtu wa kuzungukazunguka maneno, alimtangazia mbele ya majirani: "Baba Ulimboka, leo utakula umeme." Alikula kwangu siku tatu.

Makaa yaliyoshinda yote yalitoka gengeni Kimamba, kwa akina mama waliopika kwa nazi zilizokuja na treni. Walikuwa wakitupa vifuu. Mwakatundu aliviokota, akavichoma ndani ya debe lililofunikwa katika tanuri la karakana, na vilipokuwa vyekundu akavidondoshea maji ili mvuke uvitoboe vitundu visivyoonekana kwa macho. Kifuu kilichochomwa hivyo kilivuta hewa kuliko makaa yote. Hata hivyo hakikutosha. Betri ilisema dakika tatu, kisha sauti ikafifia.

Jibu lililobaki alilipata kwa mwiba. Alichomwa kidoleni, kidole kikavimba, na Beda, dresa wetu wa zahanati, akampa ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda. Alipomaliza kuosha alimwaga maji yaliyobaki kwenye bakuli la makaa ya vifuu. Kesho yake maji yalikuwa meupe. Mwingine angesema vema, rangi imetoka. Yeye alilichukua bakuli mpaka zahanati, akamwuliza Beda rangi imekwenda wapi. Beda alikuwa na foleni ya wagonjwa thelathini, akamwambia aende akaitafute mwenyewe. Akaenda akaitafuta! Akaweka makaa yale kwenye betri, akapiga simu Mikumi, wakazungumza dakika kumi, ishirini, arobaini, mpaka mtu wa Mikumi akaomba aachwe akale. Sauti ilikuwa bado imesimama. Mimi nilitoka nje nikaruka, na sioni haya kusema hivyo.

Rangi ile ilikuwa imegeuka kuwa tabaka jembamba la manganizi nyeusi, limekaa ndani ya vitundu vya makaa. Aliyetueleza hivyo ni Bwana Ashworth, mhandisi wa simu kutoka Dar es Salaam, aliyefika Mei 1944 kukagua laini. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akatufundisha saa nzima, nami nilikuwa nikitafsiri huku natokwa jasho. Alisema chembe za oksijeni hazitembei moja moja. Hutembea mbili mbili, zimeshikana kwa nguvu sana, na zikiwa zimeshikana hivyo hazifai kazi. Ile manganizi inazilegeza, kila moja inaachia mwenzake na kuingia kazini, na umeme unapita. Kitu cha namna hiyo huitwa kichocheo: kinafanya kazi ya wengine iende, na chenyewe hakipungui.

Mwakatundu akasema sasa ameelewa. Ni mnyapara. Anawatenganisha marafiki wawili wanaopiga soga ili kazi iende, yeye mwenyewe hakati hata jani moja, na mwisho wa mwezi yuko vilevile alivyokuwa. Nilisita kutafsiri kwa kuwa mnyapara alikuwa amesimama mlangoni. Nilipotafsiri, Bwana Ashworth alicheka mpaka ndoo ikamtupa.

Lakini kucheka ni kucheka na kazi ni kazi. Bwana Ashworth aliweka sharti. Kuanzia tarehe 1 Juni, kila siku saa mbili asubuhi, Msolwezi na Mikumi wazungumze dakika kumi kwa betri za Mwakatundu, kwa siku thelathini. Zikipita zote, laini itabaki na fundi wake atabaki. Siku moja tu ikikosekana, jaribio limekwisha, laini itafungwa na Mwakatundu atarudi kukata mkonge. Meneja alikubali, wakapeana mikono.

Siku ya kwanza sauti ilipita. Siku ya kumi ikapita. Shamba zima lilikuwa likiulizana habari za betri, hata watu wa chumba cha brashi, kunakosuguliwa nyuzi, waliokuwa hawajaigusa simu maishani mwao. Siku ya ishirini na mbili ikapita, na mchana huohuo twiga akaondoka na waya karibu na Mikumi. Mwakatundu alipanda lori kwenda kuunga. Funguo za chumba cha betri aliniachia mimi.

Sasa naomba mnisikilize, maana nimefika pale nilipoahidi.

Mnajua jinsi tunavyoishi hapa. Vumbi la brashi linaingia kila mahali, na kwa hiyo kila kitu tunakiziba. Taipureta inavaa gunia, saa ya ukutani ina kitambaa, kikombe cha chai kina kifuniko, na mtoto mchanga analala ndani ya chandarua saa sita mchana. Mgeni katika shamba la mkonge utamjua kwa kuacha kikombe wazi. Siku hiyo upepo ulikuja kutoka brashi, chumba cha betri kikajaa vumbi jeupe, na mimi nikaona vile vifuniko vya mbao alivyovitoboa matundu, na vumbi linashuka ndani. Nikasema moyoni, kazi ya mwenzangu itaharibika mikononi mwangu.

Nilikuwa na nta ya nyuki. Mwakatundu alikuwa akiiyeyusha katika petroli na kuyapaka makaa yake kidogo sana, ili maji ya nishadiri yasiyazamishe. Ilitoka kwetu Vidunda. Mama yangu alikuwa akinitumia kila wakirina asali, na hapa Msolwezi hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nikafikiri, kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Nikaiyeyusha, nikaziba matundu yote ya vifuniko vyote, moja baada ya jingine, vizuri, kwa upendo. Mtu aliyeruka kwa furaha kwa sababu betri zinakula hewa ndiye aliyeziziba vinywa.

Siku ya ishirini na tatu zilisema bado, kwa ile hewa iliyobaki ndani, ingawa mtu wa Mikumi alilalamika kwamba nazungumza kama mgonjwa. Siku ya ishirini na nne ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Juni. Bwana Ashworth alikuja mwenyewe kusikiliza, na kule Mikumi aliyeshika simu alikuwa Mwakatundu, waya keshauunga. Nikazungusha mkono. Kengele ikalia. Nikasema haloo. Nikasema tena. Sauti yake ilinijia safi, kwa kuwa betri za upande wake zilikuwa wazi na nzima: "Msolwezi, kengele naisikia, sauti hamna. Fungueni vifuniko! Bwana karani, kama unanisikia, fungua vifuniko vya betri!"

Nilikuwa namsikia. Bwana Ashworth alikuwa amesimama nyuma yangu, kalamu mkononi. Ningefungua vifuniko, ndani ya saa moja sauti ingerudi, na Bwana Ashworth angesubiri saa moja, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Lakini angeiona nta, na angeuliza ni nani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, bado niko kwenye majaribio ya kazi. Bwana Ashworth akaniuliza Mikumi wanasema nini. Nikamwambia nasikia kelele tu za waya.

Akaandika. Jioni nilikwangua nta yote kwa kisu cha mezani, na Jumapili alfajiri betri zikasema vizuri kabisa, lakini ripoti ilikuwa imekwisha kuondoka na treni. Mwakatundu aliporudi alikagua vifuniko kimoja kimoja, akakiinua kimoja karibu na uso wake, akakirudisha. Hakuniuliza neno. Jumatatu alipewa barua ya onyo kwa "uzembe katika kutunza betri", na Jumanne alichukua kisu akaenda shambani. Alikata mkonge miezi minane.

Kisha Meneja, alipoona betri bado zinasema, akaghairi kufunga laini, akanikabidhi mimi zile betri juu ya kazi yangu. Zilisema kwa sababu vifuniko vilikuwa wazi, basi. Nikasifiwa. Nikathibitishwa kazini. Kila asubuhi nilimwona akipita dirishani kwangu na kisu begani, nami nikimwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba kama kawaida. Februari 1945 nilikwenda kwa Meneja nikasema kazi imenishinda, arudishwe fundi. Hilo nililiweza. La pili, la kusema kweli, sikuliweza.

Tangu aliporudi laini ya Mikumi haijanyamaza kwa sababu ya betri hata siku moja. Betri za Ulaya zilipoanza kuja tena baada ya vita, alizijaribu kwa heshima zote, akaziweka kabatini. Masika moja mto Mkondoa ulipofurika na kukata barabara, laini ilisema kwa muda wa saa kumi na moja bila kupumzika, na lori mbili za watu wetu zilizuiwa Mikumi zisije kuingia majini. Vituo vitatu vya jirani vilituma watu kujifunza kuchoma vifuu. Wote aliwafundisha, na wote aliwauliza maswali mpaka wakaogopa kurudi.

Mwaka jana ulileta jambo ambalo nusura limfanye aahirishe kustaafu. Mgeni mmoja alituachia gazeti lililoeleza kwamba huko Uingereza wametengeneza betri isiyo na zinki kabisa. Upande mmoja wanailisha haidrojeni, upande wa pili oksijeni, katikati sahani za nikeli ndizo kichocheo, na kinachobaki baada ya umeme kupita ni maji matupu. Nilimsomea mara tano. Mara ya tano alisimama, akazunguka chumba, akasema zinki ndiyo iliyokuwa ikituchelewesha, maana zinki huliwa ikaisha, na hawa wenzetu wamepata chakula kisichoacha mfupa! Kisha akauliza swali lake, kwamba haidrojeni nayo hutembea mbili mbili, na je, nikeli inazitenganishaje? Gazeti halikusema. Alilikasirikia gazeti wiki nzima.

Mwezi wa Mei mwaka huu alitengeneza yake. Haidrojeni aliipata kwa kutia mabaki ya zinki katika asidi ya betri za lori, upande wa hewa akaweka makaa yake ya vifuu, na nikeli akaitoa mahali ambapo msimamizi wa nyumba ya wageni anapashuku, akiwa amepungukiwa na vijiko viwili. Tulikuwa wanne chumbani. Sindano ya mita ilisogea. Ilisogea kidogo sana, upana wa ukucha, ikakaa hapo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha ikarudi. Tulishangilia mpaka watu wa korona wakadhani kuna moto. Mzee Mwakatundu peke yake hakushangilia, alikuwa akiandika. Aliandika: "Inawezekana. Vijiko havitoshi."

Huyu ndiye mtu ambaye mwanzoni mwa mwezi huu niliketi kumpigia chapa cheti. Meneja wetu wa sasa alikuwa ameniandikia maneno ya kufuata, naye aliyatoa kwenye jalada kwa nia njema: mwaminifu, hodari, mbunifu, aliwahi kuonywa kwa uzembe mwaka 1944. Nilipiga mpaka "mbunifu" vidole vikakataa. Nikaivalisha taipureta gunia lake, nikaenda kugonga mlango wa Meneja. Nilimweleza yote, tangu nta mpaka kelele za waya.

 Kisha akaitoa barua ile kwenye jalada la Mzee Mwakatundu, akaichana, akaniagiza nipige chapa barua nyingine ya onyo, maneno yaleyale, jina langu. Niliipiga mwenyewe bila kukosea herufi hata moja. Imo katika jalada langu sasa, inapostahili. Na leo mbele yenu cheti kitasomwa, na mtamsikia Meneja akimwita Lupakisyo Mwakatundu Fundi Mkuu, tangu Juni 1944.

Lilibaki la kumwambia mwenyewe. Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilikwenda nyumbani kwake, nikawakuta yeye na Mama Lea wanafunga mizigo ya Rungwe. Nilianza kueleza. Sikufika mbali. Aliniambia anajua. Alijua tangu Jumapili ile ya mwaka 1944, alipoinua kifuniko kikamnukia asali ya Vidunda. Miaka kumi na sita nimekuwa nikimficha kitu alichokuwa akikijua, na miaka kumi na sita amekuwa akiniitikia marahaba. Nilikaa chini kwenye sanduku lao.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Aliendelea kufunga kamba, akaikaza vizuri, akanijibu bila kuniangalia: "Mmoja wetu ilikuwa lazima aende kukata mkonge, Wenceslaus. Mimi nilikuwa najua kuukata. Wewe ulikuwa hujui."

Mzee Mwakatundu, wafanyakazi wote wa Msolwezi, wa shamba, korona, brashi, karakana, zahanati na kambi ya Mikumi, tunakushukuru kwa kila neno lililofika. Wewe na Mama Lea msafiri salama, mkaishi Rungwe kwa afya na furaha, na wanafunzi wako wakuulize maswali magumu kuliko uliyotuuliza sisi. Hayo ni ya wote. Langu mimi ni fupi. Miezi minane ulinikatia mkonge wangu. Ahsante.